Koti Lililoomba Anwani

Hana shamba, hana duka, wala hajawahi kutoka chumbani mwake, lakini kila kinachoamka ndani ya nyumba humlilia yeye kwanza. Ni nani huyo? Ukiwatega watoto wa kule kilimani, nje ya Mafinga, palipo na mipaina na baridi ya kuuma masikio, watakujibu kabla hujamaliza kusema: mgawaji.

Kwa marehemu Yordani Luhwago mgawaji alikaa ndani ya sanduku jeusi, ukutani mwa stoo, juu ya magunia ya mahindi. Asubuhi birika lilipoamka lilipaza sauti ambayo sikio la mtu haliisikii, likiuliza nani atalipatia anwani. Taa nazo zikaomba, pampu ya kisima ikaomba, kengele za ng'ombe na redio vivyo hivyo. Mgawaji alimpa kila mmoja anwani yake, tena kwa kuazima tu. Muda ukifika nusu, chombo kilirudi kuomba kiongezewe. Kisichopata anwani kilizubaa kama mgeni aliyeshushwa stendi asiyejua aende wapi.

Aliyeishika nyumba hiyo alikuwa Leokadia, binti wa pili wa Yordani, na ndiye aliyeigawa mitaa. Kwenye maandishi ya kiwandani mitaa hiyo iliitwa VLAN, na mgawaji aliitwa DHCP, lakini nani ana muda wa kuyatamka hayo huku maziwa yanafurika motoni? Palikuwa na mtaa wa jikoni, mtaa wa zizi, mtaa wa wageni na mtaa wa mama. Waya zilikuwa zilezile na kuta zilezile, ila cha mtaa mmoja hakikukisikia cha mtaa mwingine. Na kwa kuwa kilio cha kuomba anwani hakivuki mpaka wa mtaa, kwenye kila lango Leokadia aliweka tarishi. Kazi ya tarishi ilikuwa kulibeba ombi mpaka stoo na kusema, huyu anatoka zizini. Hapo mgawaji alichota kwenye fungu la zizi, na tarishi akarudi na jibu.

Mtaa wa mama ulikuwa na mkazi mmoja tu, nalo lilikuwa kumbusho.

Kumbusho lilikuwa kidude kidogo kama punje ya harage, kimekaa nyuma ya sikio la Bibi Desderia, mke wa Yordani, tangu akili yake ilipoanza kuvuja. Lilimnong'oneza: huyu ni Leokadia, mwanao, leo ni Jumanne, dawa umekwisha kunywa. Watu wengi wa umri wake walikuwa nalo, na wote walionywa jambo lilelile. Anayeweza kulifikia kumbusho anaweza kumwekea mtu kumbukumbu isiyo yake. Kijiji cha pili palikuwa na mzee aliyesimulia kwa furaha harusi ambayo haikufungwa popote, na hakuna aliyejua kaipata wapi. Kwa hiyo Leokadia alimjengea mama yake ukuta mrefu kuliko yote. Na kweli mama alikuwa salama. Alikuwa salama kama shuka la harusi lililokunjwa sandukuni: halichafuki, wala halitandikwi.

*

Yordani alipokufa, walimzika Alhamisi, na kesho yake akaingia mtani.

Otmar Luambano alikuwa Mngoni kutoka Songea. Babu zake na babu za akina Luhwago, ambao ni Wahehe, walichinjana, kisha wakachoka kuchinjana, wakabaki kutaniana. Yeye na Yordani walikuwa wametupiana maneno maisha yao yote ya utu uzima. Hata kabla hajafika uani alikuwa ameanza, anawauliza waombolezaji kama wameona jinsi mbwa wa Mafinga walivyolala vizuri usiku ule, milango wazi, tangu waliposikia Mhehe mmoja wa kuwala amepungua. Shangazi mmoja akamjibu toka jikoni kwamba Mngoni hakuletwa na huzuni, kaletwa na harufu ya pombe ya ulanzi. Watu waliokuwa wamevimba macho wakacheka mpaka wakashika mbavu, na hiyo ndiyo kazi ya mtani msibani.

Kazi yake nyingine ni kuteka. Otmar akapita moja kwa moja mpaka stoo, akachomoa waya zote, akatoka na sanduku jeusi kwapani. Akatangaza kwamba mgawaji wa nyumba hii sasa ni mateka wa Wangoni, na hatatoka kwa chini ya jogoo mwekundu. Kwa kuwa hakuwa mtu wa roho mbaya, alikuwa amekuja na sanduku lake mwenyewe, la bei ya chini, lililochubuka pembe. Akazichomeka waya zote humo ili vitu visizubae.

Leokadia aliliona, akajua maana yake. Sanduku la Otmar halikujua mitaa. Ndani yake nyumba nzima ilikuwa ua mmoja usio na uzio, na kila kitu kilimsikia mwenzake. Alitaka kusema. Lakini kumkunjia uso mtani msibani ni aibu ambayo ukoo huibeba mpaka wajukuu, na jogoo mwekundu alikuwa pale pale bandani, wa kukamatwa tu. Akajiambia ni kitambo kidogo, akaenda kugawa ugali.

Otmar akazidi kunoga. Akatoka chumbani kwa marehemu amevaa koti lake zito la kijivu na kofia yake, akaanza kutembea kama yeye. Aliuburuta mguu wa kushoto, akakohoa kikohozi chake kikavu, akagonga fremu ya mlango kwa kifundo cha kidole kama Yordani alivyogonga kila jioni. Watu walikuwa hoi kwa kicheko.

Sasa, kwenye kola ya koti lile palikuwa na kifungo ambacho Leokadia mwenyewe alikishona mwaka baba yake alipopotelea msituni. Koti likifika mlangoni liliomba anwani, na likishapewa lilitangaza: Yordani ameingia. Siku zote tangazo hilo liliishia mtaa wa jikoni, birika likawashwa, basi. Kwa mama halikuwahi kufika. Siku hiyo hapakuwa na ukuta.

Bibi Desderia alikuwa amekaa mkekani katikati ya wanawake, kimya, kama alivyokaa siku zote tatu za msiba. Akainua kichwa. Akasimama bila kushikwa. Akawapita wanawake wale, akaenda mpaka mlangoni, akalishika koti kwa mikono miwili na kuliweka sawa kola.

"Mbona umechelewa hivi, Yordani?" akasema. "Chai imepoa."

Kicheko kikakatika. Otmar, mtu ambaye hakuwahi kukosa neno hata mbele ya askofu, akaishika kofia kichwani. Akatazama huku na huku amwone wa kumwokoa, na kila mtu akatazama chini. Mwishowe akajibu kwa sauti isiyokuwa yake wala ya Yordani.

"Nimekuja, Desderia."

*

Kulipokucha mama alikuwa ameamka kabla ya wote. Kengele za ng'ombe zilikuwa zimemwambia kwamba yule ndama mwekundu hajanyonya, akaenda kumtazama. Birika lilimwambia maji yamechemka. Alimkuta Fokas, kifungua mimba wake aliyekuja kutoka Dodoma, akamwita kwa jina bila kubahatisha, akamkemea kwa kukonda. Kisha akaketi jikoni na kufanya jambo ambalo hakulifanya tangu wajukuu wakiwa wa kubebwa.

"Kitendawili," akasema.

"Tega," wakajibu, wakitazamana.

"Nikimkimbiza anapotea. Nikikaa kimya, anarudi zizini mwenyewe."

Wakahangaika. Fokas akasema usingizi, shangazi akasema kuku. Mama akadai mji, wakampa Songea ili kumchokoza Otmar, akaenda Songea, akala huko, akarudi akawacheka. "Ni jina ulilolisahau," akasema. Halafu akamimina chai vikombe viwili, kimoja akakiweka mbele ya kiti kitupu cha Yordani, akakifunika na kisahani.

Fokas alimvuta dada yake nyuma ya banda. Maneno yake hayakuwa ya mtu mbaya, na ndiyo maana yalikuwa mazito. Alisema lile sanduku la Otmar libaki. Alisema koti litundikwe zizini, liendelee kuomba anwani kila asubuhi na kupewa, ili mama ajue mumewe yuko na ng'ombe. Alikuwa anakula sasa. Alikuwa anacheka. Nani alikuwa anadhurika?

"Unataka kumrudishia ukuta na msiba kwa mpigo mmoja," akasema. "Mimi siwezi kumfanyia hivyo mama yangu. Wewe unaweza?"

Leokadia akachukua ndoo, akaenda zizini. Aliyachambua moyoni akiwa anakamua. Ukuta wake ulikuwa umemlinda mama, ukamnyima ng'ombe wake, redio yake, milango yake, kila kitu ambacho mtu hujishikizia. Hilo alikuwa amelifanya yeye, kwa mapenzi yake yote. Na uongo wa Fokas ulikuwa na joto kama blanketi.

Lakini adhuhuri alisikia kilio sebuleni, akakimbia. Mama alikuwa amejikunja, anamlilia mtoto aliyekufa maji, anamtaja kwa jina ambalo hakuna mtoto wa nyumba ile aliyewahi kuitwa. Ilichukua muda kugundua. Mgeni mmoja alikuwa anafuatilia tamthilia kwenye simu yake barazani, mtoto wa humo akazama, na kumbusho, katika ua ule usio na uzio, likaichukua habari kama lilivyochukua ya ndama. Mama alikuwa anamlilia mtoto wa mchezo kwa machozi ya kweli.

Mgeni akazima simu, akaomba radhi mpaka akatia huruma. Fokas akakaa chini, kichwa mikononi.

Otmar ndiye aliyefuata. Alilirudisha sanduku jeusi mwenyewe, kalifuta vumbi, wala hakumtaja jogoo. Koti alikuwa amelikunja mkononi.

"Mwanangu," akamwambia Leokadia, "utani una mlango wa kuingilia na wa kutokea. Huu nimeingia, wa kutokea siuoni. Jana nilipaswa kusema mimi ni Otmar. Uso wa mama yako ulinishinda."

Leokadia akamwambia hata yeye ulikuwa unamshinda.

*

Akalipachika sanduku mahali pake, akaiinua mitaa mmoja baada ya mwingine. Jikoni, kila kitu kikapata anwani kutoka fungu la jikoni. Zizini, vivyo hivyo. Kwenye malango yote aliweka amri mpya kwamba jibu la anwani lipokelewe kutoka kwa mgawaji wa stoo peke yake, asije mtani mwingine na sanduku lake. Ukabaki mtaa wa mama, na kwenye orodha ya mgawaji ukabaki mstari mmoja: koti la Yordani, kiti chake cha kudumu, anwani ambayo hakuna mwingine aliyeruhusiwa kupewa. Kidole kilikuwa juu ya mstari huo. Angeweza kuufuta, mama akasahau polepole kwamba mume alirudi. Angeweza kuuacha. Kila upande aliogeukia, ni yeye aliyekuwa anaamua mama aishi na kumbukumbu gani.

Akaondoa kidole, akatoka nje.

Mama alikuwa barazani anapukuchua maharage, jua la alasiri miguuni. Bado alikuwa kwenye sanduku la Otmar, bado akili imechangamka. Leokadia akapiga magoti, akamwamkia tena ingawa alishamwamkia, kisha akakaa naye na kupukuchua kidogo. Halafu akamwambia. Akamwambia baba amekufa, wamemzika Alhamisi, na aliyeingia jana alikuwa Otmar na koti.

Mama hakupiga yowe. Maharage yalimtoka mkononi, yakadunda sakafuni.

"Nilikuwepo?" akauliza.

"Ulikuwepo, mama. Ulirusha udongo. Ulivua kanga yako ya juu, ukataka wamfunike nayo."

"Ile ya zambarau?"

"Ile ile."

Mama akalia, na Leokadia akalia naye, kilio ambacho siku ya mazishi hawakukipata pamoja, kwa kuwa siku ile mama alikuwa nyuma ya ukuta. Kilipopungua, mama akajifuta kwa ncha ya kitenge, akawa mtu anayepiga hesabu za shamba.

"Na kesho nitakuwa nimesahau."

"Utakuwa umesahau."

"Utaniambia tena?"

"Nitakuambia kila asubuhi."

"Hapana," mama akasema. "Usiku mtu anasahau, asubuhi unamfiwisha tena, na wewe unasimama kutazama. Hiyo nayo ni kazi ya kumpa mtoto? Fungua hiki kidude. Nitasema mwenyewe."

Leokadia hakuelewa mara moja. Kisha akaelewa, akamfungulia kumbusho mdomo wa kurekodi. Mama akafukuza kuku, akafukuza na Fokas aliyekuwa anachungulia dirishani, akajiambia anachotaka kuambiwa. Aliyoyasema hakutaka wayasikie, na Leokadia akaziba masikio kama mtoto.

Baadaye wakachagua. Leokadia alimweleza kwamba ukuta utarudi, lakini safari hii utakuwa na lango, na funguo ni zake mama. Aseme nani apite. Mama akasema birika lipite. Kengele zote za ng'ombe zipite, hata ya yule dume mkorofi. Mlango wa mbele upite, maana anataka kujua nani anaingia kwake. Redio ipite wakati wa misa tu, mengine ni kelele. Simu za wageni zisipite kabisa, hata ya Fokas, maana Fokas naye hupenda tamthilia.

"Na koti?" Leokadia akauliza.

Mama akaliomba. Akalinusa, akakaa nalo mapajani kitambo, kisha akaagiza wembe. Akakata uzi wa kifungo yeye mwenyewe, taratibu, asitoboe kitambaa. Akamwita Otmar.

"Chukua. Baridi ya kwetu utaihitaji hii," akamwambia. "Lakini utembee kwa miguu yako mwenyewe."

Otmar akalipokea kwa mikono miwili. Akaanza utani wa mbwa, akauacha katikati, akaenda kusimama zizini.

Leokadia akaingia stoo, akaufuta mstari. Akahamisha waya ya mwisho, na mtaa wa mama ukasimama na lango lake. Akasubiri kumbusho liitike. Halikuitika. Akasubiri tena. Barazani mama alianza kutazama mikono yake kama mtu anayetafuta alichokishika, akamwuliza Fokas kwa adabu yeye ni wa nyumba gani. Leokadia akafuata njia ya ombi hatua kwa hatua, kutoka sikioni, mpaka langoni, mpaka kwa tarishi, na hapo akakuta. Kwenye vurugu za kuhama, tarishi wa mama alibaki ameagizwa kwenye anwani ya sanduku la Otmar. Alikuwa anabeba ombi la mama kwa bidii, analipeleka kwa mtu asiyekuwepo tena. Akamwelekeza upya. Taa ndogo ya kijani ikapepesa, ikatulia.

Kutoka barazani akamsikia mama akimwambia Fokas aondoe miguu juu ya maharage.

*

Asubuhi Leokadia alikaa nje ya mlango wa chumba cha mama, mgongo ukutani, kikombe cha chai kinapoa mkononi. Fokas alikaa upande wa pili. Ndani, kitanda kililia, miguu ikashuka sakafuni. Huko stoo ombi lilikuwa limekwisha kufika na kurudi.

Kisha kimya. Walijua anasikiliza. Fokas akainuka nusu, Leokadia akamshika mkono akamkalisha. Ndani mtu alivuta pumzi ndefu. Akalia kidogo, kilio cha mtu anayelia peke yake na hataki kusumbua nyumba. Akapenga kamasi. Kengele za ng'ombe zikapita langoni, maana walimsikia akinong'ona kwamba naam, naam, anakuja, wasimharakishe.

Mlango ukafunguka. Mama alikuwa amevaa, kajifunga kitenge vizuri, macho mekundu. Akawatazama wanawe wawili waliokaa sakafuni.

"Kuna mwanamke humu sikioni mkali kweli," akasema. "Ananiambia Yordani amekufa, nimlilie kidogo, halafu nisiwacheleweshe ng'ombe."

"Ni wewe, mama," Leokadia akasema.

Mama akalifikiri hilo, mkono kwenye fremu ya mlango.

"Ndiyo maana nimemwamini," akasema, akawavuka miguu, akaenda zizini.